Nyumba ya Majivu

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Kamugisha kwao Nyakatuntu, na tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia. Aliyenipigia simu kunipa habari ni Salvatory, niliyesoma naye darasa moja, ambaye sasa ana mvi kichwa kizima lakini bado anaongea harakaharaka kama mtu anayekimbizwa. Pale msibani tulikutana wachache wa darasa letu, watu wazima wenye vitambi na miwani, tukakaa kwenye viti vya plastiki tukila ndizi na maharage, na kila mmoja alikuwa na lake la kusimulia. Mmoja alikumbuka jinsi Mwalimu alivyomchania ramani mbele ya darasa zima kisha jioni akampelekea karatasi mpya bwenini. Mwingine aliigiza ile sauti yake ya puani mpaka wafiwa wenyewe wakacheka. Salvatory akanigeukia akaniuliza mbona mimi sisimulii ile ya ghala la Ihembe, na mimi, ambaye kwa kawaida sinyamazishwi na mtu, nikashindwa. Nikainuka nikajifanya natafuta maji ya kunawa. Basi nitaisimulia hapa, ambapo hakuna anayenitazama.

Mwaka ule nilikuwa mwaka wa mwisho wa usanifu majengo, chuoni Dar es Salaam, na nilikuwa nimekalia kuti kavu. Nilishabeba sapu, mtihani wa kurudia, mara mbili, na aliyepata ya tatu hakuwa na mjadala: alikula disko, akafungasha begi lake, akarudi kwao. Kwetu ni Kayanga mjini, dukani kwa baba, na sitaki mtu afikiri nilidharau kupima sukari na kukata mita za vitenge. Duka lile ndilo lililonisomesha. Ila nilikuwa nimeshaonja kuchora. Nilikuwa nimeshaona mstari wangu mwenyewe kwenye karatasi ukigeuka chumba, na baada ya hapo, mwenzangu, huwezi kurudi kwenye mizani ukawa mtu yule yule. Kwa hiyo utafiti wa mwaka wa mwisho ulikuwa ndio kufa na kupona kwangu, na haukuhitaji maelezo zaidi.

Mwalimu Kamugisha naye alikuwa na wazimu wake. Wenzake walipanga kazi za wanafunzi kwenye korido za chuo, wakaalika wakubwa, wakanywa soda. Yeye alisema utafiti wa kuhoji hauwezi kuonyeshwa kwa watu wasiohojiwa. Maonyesho yetu yangefanyika pale pale tulipofanyia kazi, mbele ya wenye nyumba, na mtahini wa nje angesafirishwa mpaka huko. "Ukienda kumhoji mtu juu ya nyumba yake," alituambia, "umpe na yeye nafasi ya kukuhoji." Tulicheka chini kwa chini. Akatugawa, na mimi kwa kujidai kwangu kwamba Karagwe ni nyumbani, nikapelekwa Ihembe na vijiji vya Rugu pamoja na Salvatory. Kumbe nilikuwa naijua Karagwe ya dukani tu. Nilizaliwa nikisikia Kiswahili cha bibi yangu aliyetoka pwani, na Kinyambo changu kilikuwa cha kuamkia wateja na kukataa kupunguza bei. Ndani ya kibanja cha mtu, ndani kabisa, kwenye migomba na mibuni iliyozunguka nyumba, nilikuwa sijawahi kulala hata usiku mmoja.

Nilipangiwa kwa Ma Paskazia, mjane wa Ihembe, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, ambaye mwanawe aliyeko Mwanza alikuwa amemjengea nyumba ya matofali ya kuchoma na mabati ya bluu. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akafungua pindo la kanga yake, akatoa ufunguo, akafungua mlango wa mbele. Nakiona chumba kile mpaka leo. Makochi yamefunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na meza nayo ina kitambaa chake. Kabati la vyombo vya udongo ambavyo ungeapa havijawahi kutiwa hata wali. Picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kalenda ya parokia, na sakafu ya saruji iliyopigwa rangi nyekundu mpaka ukiinama unajiona. Kulikuwa na harufu ya rangi na ya mahali pasipokaliwa. Nikapewa chumba cha kulala kilichofunguka kwenye sebule hiyo, na kwa siku nyingi nilikaa humo kama malkia aliyefungiwa.

Chakula kililetwa na Adela, mke wa mwanawe mdogo, kwenye sinia lililofunikwa. Ndizi zilizopikwa ndani ya majani ya mgomba, bado zinafuka moshi, na maharage yenye samli. Siku moja kuku, na sikujua kwamba Ma Paskazia alikuwa amemwita mzee wa duka la njia panda, Mwislamu mwenzangu, aje achinje, kabla mimi sijafumbua mdomo kusema chochote. Adela alipiga goti, akaninawisha, akatoka kimya. Nikala peke yangu nikisikiliza kijiko changu mwenyewe kikigonga sahani, na huko nyuma ya nyumba, ng'ambo ya ukuta, nasikia watu wanacheka. Kicheko kile kilinitesa. Jioni moja nilisimama dirishani nikasikia Adela akiuliza kwa Kinyambo kama mgeni anaumwa, mbona yuko peke yake kila siku, na Ma Paskazia akamjibu kwamba hao ndio watu wa chuo, wanapenda kuachwa. Nilielewa nusu, nusu nikaijazia mwenyewe. Lo, kumbe wakati mimi najionea huruma, na wao wananionea huruma.

Mvua ndiyo iliyonitoa. Nilikuwa natoka chooni mvua ya mawe ikanikuta uani, na mlango uliokuwa karibu ulikuwa wa jikoni. Jiko lenyewe lilikuwa nyumba ya zamani ya mama mkwe wake Ma Paskazia, msonge wa nyasi, wa mviringo, ambao familia iliona haya kuubomoa na haya vilevile kuuonyesha, ikaufanya jiko. Nikainama nikaingia bila hodi. Ndani mlikuwa na dunia nzima. Ma Paskazia ameketi amenyoosha miguu juu ya nyasi mbichi zilizotandikwa chini, anamenya ndizi. Adela ananyonyesha. Majirani wawili wamekuja kuomba moto wakasahau kuondoka. Mbuzi kafungwa upande ule, na katikati mafiga na chungu kinatokota. Hakuna aliyesema karibu wala aliyeshangaa. Walisogea kidogo tu, mmoja akanipa kisu na mkungu wa ndizi. Walinicheka jinsi ninavyomenya, kwamba naacha chakula chote kwenye maganda. Kisha tukala pamoja kwenye jani moja, na nikala kuliko nilivyokula wiki nzima.

Nikiwa nimeshiba niliegemea nyuma, nikatazama juu. Sijui niseme nini. Matete yalikuwa yamefungwa duara juu ya duara, kubwa, halafu dogo, halafu dogo zaidi, yakipanda gizani mpaka pale moshi ulipokuwa ukipotelea, na yote yamekuwa meusi na ya kung'aa kwa miaka ya kupikiwa. Nilikuwa nimesoma majengo miaka yote ile, nimekariri majina ya wasanifu wa Ulaya na tarehe zao, na sijawahi kutazama dari mpaka shingo ikauma. Ma Paskazia aliniona nimeduwaa akaniuliza kama panavuja. Nikamwambia hapavuji. Akarudi kwenye ndizi zake.

Tangu siku hiyo nilihamia jikoni, na tangu siku hiyo nikawa na swali. Nilizunguka na futi na karatasi, Ihembe yote na mpaka Rugu, na kila nilipofika nilikuta mambo yale yale: nyumba ya mbele ya matofali imefungwa, ufunguo uko kwenye pindo la kanga, na watu wenyewe wako nyuma, jikoni, kwenye nyasi. Wakati ule kila ofisi ya kata ilikuwa na bango la nyumba bora, sebule mbele, korido katikati, vyumba huku na huku. Mimi nikauliza: ni bora kwa nani, ikiwa aliyejengewa anaishi nyuma yake? Nilichora ramani ishirini na kitu. Mwalimu alipokuja kuzikagua alizitazama kwa muda mrefu, akasema ni nzuri, lakini hizo ni za kusoma mimi na yeye. Ma Paskazia angezisomaje? Ndipo likanijia wazo la kuichora nyumba yake sakafuni kwa ukubwa wake halisi, ya mbele na ya nyuma, ili mtu atembee ndani yake kwa miguu.

Tulipewa ghala la chama cha msingi cha ushirika, kwa kuwa msimu wa kahawa ulikuwa haujafunguliwa na lilikuwa tupu. Mwenye funguo alitupa sharti moja, tusitumie rangi wala chokaa, kwa sababu kahawa inanyonya harufu, na gunia likinukia chokaa wanunuzi wanalirudisha. Nikasema basi nitatumia majivu. Nikakusanya majivu jikoni kwa watu, nikayachekecha, na kwa siku nzima nilikwenda kwa magoti nikiyamwaga kwa kopo mstari kwa mstari. Salvatory alikuwa amepanga mifano yake ya maboksi kwenye meza za ukutani, nadhifu kabisa, na alikuwa akinitania kwamba mimi nimekuwa mchawi. Asubuhi ya maonyesho nilimaliza. Nilisimama mlangoni nikaitazama. Kuta zote zilikuwepo, milango, makochi, kabati, na nyuma yake ule mviringo wa msonge. Mwalimu akaondoka kwenda Kayanga kumchukua mtahini, na mimi nikakimbia kuoga na kubadilisha nguo.

Niliporudi, ghala lilikuwa linanukia nyasi mbichi.

Wale kina mama wa Ihembe na Rugu, wenye nyumba nilizozipima, niliowaalika mimi mwenyewe waje kama wageni wa heshima, walikuwa wamepita njia ya migombani tukapishana. Walifika mapema na mizigo ya nyasi vichwani. Kwenye meza za Salvatory hakukuwa na mtu, mwenyewe alikuwa ametoka kutafuta chai. Wakakuta sakafu imejaa majivu mpaka mlangoni, na wageni wa Dar es Salaam wako njiani. Mwanamke aliyelelewa vizuri wa kule afanye nini? Walifagia. Walifagia wakapiga na maji, wakaanza kutandika nyasi kama inavyotandikwa siku ya Noeli, na Ma Paskazia akanipokea na ufagio mkononi, uso unang'aa, akaniambia wamenisaidia.

Nilikaa pale pale kwenye saruji yenye maji nikalia kama mtoto, nguo yangu safi na yote. Majivu hayakuwepo tena, wala muda haukuwepo, na gari la Mwalimu lilikuwa limeshaondoka Kayanga. Nikawaza sapu ya tatu, begi langu, mizani ya baba. Salvatory akaja na kikombe chake cha chai, akaona, akakiweka chini bila kunywa. Ma Paskazia aliinama akanishika bega akauliza yale majivu yalikuwa nini.

"Ilikuwa nyumba yako, mama."

Yeye akaitazama sakafu, kisha akanitazama.

"Ipi? Ya mbele au ya nyuma?"

Nikamwambia zote mbili. Akaziba mdomo kwa kiganja. Baadaye nilisikia walikuwa wameona mistari, ila walidhani ni namna majivu yalivyomwagika. Ma Paskazia akauweka ufagio chini, akavuta pindo la kanga akalikaza kiunoni, akatembea mpaka katikati ya ghala. Akasema kwa Kinyambo kwamba mafiga yako hapa. Mama mmoja wa Rugu akapinga, mafiga hayawi karibu na mlango hivyo. Yeye akamwambia hiyo ni kwako, hapa ni kwangu. Wakaanza kubishana, na huku wanabishana wanatembea, wanasogeza nyasi kwa miguu, mmoja anakaa pale anapokaa mama mkwe, Adela anakwenda upande wa kunyonyeshea, mwingine anapiga hatua anasema mbuzi, mbuzi yuko wapi. Walikosea, walirudia, walichekana. Lakini mviringo ukaanza kuonekana, sio kwenye nyasi tu, kwenye migongo yao, jinsi walivyokaa wakielekeana. Nyasi zote walizoleta zikaishia huko. Na upande wa mbele, ambako nilikuwa nimechora sebule kwa saa nyingi kuliko kitu kingine chochote, hakwenda mtu. Nikamuuliza Ma Paskazia, je, sebule ina upana gani? Akafikiri. Akasema hajui, kuna makochi. Ukabaki uwanja mtupu wa saruji.

Hapo ndipo Mwalimu alipoingia na mtahini. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, wa chuo kingine, tuliyemwogopa kwa sifa zake tu. Nikafungua mdomo nianze kujitetea, na Mwalimu, ambaye alikuwa ameshaona kila kitu kwa kupepesa jicho, akaninyooshea kidole ninyamaze. Ma Paskazia aliinuka, akaenda kumpokea mgeni kwa mikono miwili. Na akafanya alivyofanya maisha yake yote: akampeleka mbele. Adela akaleta kiti, akavua kitenge chake cha begani akakitandika juu yake, na mtahini akaketishwa katikati ya ile saruji tupu, peke yake, kwa heshima zote. Kisha wao wakarudi jikoni. Wakaendelea na mazungumzo yao, ya maharage, ya padri mpya, ya msichana wa fulani anayeolewa Kyerwa, na kila baada ya muda wanaangua kicheko. Yeye alikaa. Alitazama kushoto na kulia. Alikunja nne, akaushusha mguu. Nilimtazama na nikahisi sahani na kijiko changu mwenyewe, nikajua anachokisikia.

Mwishowe alisimama akapiga hatua kuelekea kwao. Ma Paskazia akainua mkono.

"Hapana, mgeni, kaa huko huko. Huku kuna moshi, utaumia macho."

Moto haukuwepo. Mafiga hayakuwepo. Kulikuwa na nyasi juu ya saruji ndani ya ghala la kahawa, na bado mama wa Rugu aliyekaa karibu naye alipepea mbele ya uso kwa kiganja. Sitanii. Nilimwona Salvatory kwenye meza ya mifano yake ya maboksi ameacha mdomo wazi, na Mwalimu amevua miwani anaifuta na haimalizi kufutika. Nimejenga majengo tangu siku ile, mengine marefu, mengine yaliyopigwa picha gazetini, na hakuna ukuta niliousimamisha uliosimama imara kama ule ambao mama yule aliusimamisha kwa kuinua mkono.

Mtahini hakuuvuka. Alisimama pale mwisho wa saruji, akauliza kwa sauti ya chini ni nani hukaa huku mbele yeye asipokuwepo. Ma Paskazia alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri nilipomuuliza upana.

"Hakuna," akasema. "Tulimlaza baba yao hapo siku alipofariki. Basi."

Kicheko kilikatika. Nilikaa nyumba ile miezi, nilipima kila dirisha, na jambo hilo nilikuwa silijui. Mtahini aliinama, akafungua kamba za viatu, akavivua, akaviweka kando. Akasema hodi. Wanawake wakatazamana. Ma Paskazia akasema karibu, akasogea, na wote wakasogea, na mtu yule mrefu akainama, wallahi aliinama kabisa kama anayepita chini ya ukingo wa nyasi, akaingia, akakaa kati yao. Alikaa muda mrefu. Aliwauliza mambo, wakamsimulia na habari ya majivu, wakamuuliza mengi zaidi, ana watoto wangapi, kwake wanakaa wapi, mkewe anapikia wapi. Alipotoka alinijia akaniambia, "Kuta zako zimefagiwa."

Nikasema ndiyo.

"Sikuona zinakosekana," akasema, akaenda kutazama maboksi ya Salvatory.

Mwalimu alinifuata nje, nyuma ya ghala, akaniambia kwamba nimefaulu, na kwamba kama nitalia tena atamwambia mtahini abadilishe mawazo. Nikalia tena. Yeye naye sauti yake ya puani ilikuwa imezidi, akajidai ni vumbi. Kisha alikwenda zake kuwaaga wageni.

Nilirudi ndani kuwasaidia kukusanya. Wengi walikuwa wameshaondoka kuwahi mvua, na Ma Paskazia alikuwa amesimama peke yake kwenye ile saruji tupu ya mbele, pale pale alipomketisha mtahini, anaiangalia chini. Nilidhani amepoteza kitu. Aliponisikia hakugeuka.

"Mwanangu ataleta mafundi waibomoe ile ya nyuma mwakani," akasema. "Anasema inanitia aibu. Wewe umeshakuwa fundi wa ramani sasa, atakusikiliza. Nichoree nyumba moja, Zuhura. Moja tu. Ambayo mgeni akija, anikute ndani yake."

Nilikuwa na kalamu mfukoni na cheo ambacho bado hakijapoa. Sikujua nianzie wapi. Nikamwomba akae, nikakaa mbele yake, nikamwambia anionyeshe anapotaka kuweka mafiga.